Kipimo cha bure au cha kulipia: Msafiri alinunua nini wakati wa UVIKO-19?

WASAFIRI waliokuwa wakitoka nchi moja kwenda nyingine kati ya mwaka 2020 na 2022 walikutana na gharama ambayo haikuwamo katika hesabu za safari hapo kabla, nayo ni kipimo cha UVIKO-19. Tiketi ilikwisha kulipwa na viza ilikwisha kugongwa katika pasipoti, lakini bila karatasi ya kuthibitisha kwamba mwenye nayo hana virusi vya korona, safari iliishia kwenye kaunta ya shirika la ndege.

Swali lililowasumbua wengi halikuwa kama wapime au wasipime, kwa kuwa hilo lilikwisha kuamuliwa na serikali za nchi walizokuwa wakienda. Swali lilikuwa wapime wapi. Katika miji mingi duniani kulikuwa na vituo vya umma vilivyopima watu bila malipo, na mtaa wa pili palikuwa na maabara iliyotoza fedha nyingi kwa kazi ileile ya kuingiza kijiti chenye pamba puani. Wengi walijiuliza kwa nini walipie kitu kinachotolewa bure.

Mashine ya maabara haikujua kama sampuli imelipiwa au la. Kipimo cha PCR, ambacho ndicho kilichodaiwa na nchi nyingi, hufanya kazi kwa kurudufu vinasaba vya virusi mara nyingi hadi viweze kutambuliwa, na hufanya hivyo kwa namna moja katika maabara ya serikali na katika maabara binafsi. Hivyo aliyedhani kwamba kwa kulipa alinunua kipimo bora zaidi alikosea, ingawa si kwamba hakununua kitu.

Tofauti ilikuwa katika swali ambalo kipimo kilitakiwa kulijibu. Kipimo cha bure kiliwekwa kwa ajili ya afya ya umma, kikilenga kumtambua mgonjwa, kujua alikutana na nani na kuona ugonjwa umefika wapi. Majibu yake mara nyingi yalitumwa kwa ujumbe mfupi wa simu, bila namba ya pasipoti wala saa sampuli ilipochukuliwa. Kwa mtu aliyekuwa nyumbani akijiuliza kama kikohozi chake ni korona, ujumbe huo ulitosha.

Kipimo cha kulipia kililenga kumjibu ofisa wa mpakani. Ofisa huyo hakuwa na haja ya kujua hali ya ugonjwa mtaani. Alitaka kuona kwamba mtu mwenye jina hili, na mwenye pasipoti hii, alitoa sampuli siku fulani saa fulani, na maabara inayotambulika haikuona virusi. Alichokinunua msafiri, kwa hiyo, kilikuwa karatasi na muda.

Ugumu wa muda

Muda ndio uliowaangusha wengi, na ni vyema kuueleza kwa mfano.

Tuchukue abiria aliyetakiwa kuondoka Dar es Salaam Jumapili saa 5 usiku na kufika mwisho wa safari yake Jumatatu saa 8 mchana. Nchi anayokwenda inataka cheti cha PCR kisichozidi saa 72. Swali la kwanza la kujiuliza ni saa hizo zinahesabiwa kuanzia wapi na kuishia wapi. Baadhi ya nchi zilihesabu hadi ndege inapoondoka, nyingine hadi inapotua. Nyingi zilianza kuhesabu pale sampuli ilipochukuliwa, jambo ambalo wasafiri wengi hawakulitambua, wakidhani kwamba saa zinaanza pale majibu yanapotoka.

Ikiwa hesabu ni kutoka sampuli hadi kutua, abiria huyu hawezi kupima kabla ya Ijumaa saa 8 mchana. Akienda maabara Ijumaa alasiri, na maabara ikaahidi majibu ndani ya saa 24 hadi 48, atayapata kati ya Jumamosi na Jumapili alasiri. Hapo amesalimika, ingawa kwa tabu. Akienda katika kituo cha bure ambacho majibu yake hutoka baada ya siku tatu, cheti kitafika Jumatatu, naye yuko nyumbani akitazama tiketi iliyokwisha kupotea.

Kituo cha bure hakikuwa na kosa katika jambo hilo. Hakikuwa kimemwahidi mtu saa yoyote. Wagonjwa wanapoongezeka foleni hurefuka, na anayesafiri husubiri pamoja na anayeumwa. Nchini Marekani, kampuni kubwa ya maabara ya Quest Diagnostics ilitangaza Julai 2020 kwamba majibu ya watu wasio wa kipaumbele yalikuwa yakichukua wastani wa siku saba au zaidi. Kwa msafiri mwenye saa 72 mkononi, majibu ya siku ya saba hayakuwa na thamani yoyote, hata kama hakuyalipia.

Ujerumani ilipata funzo la aina hiyo mapema. Mwanzoni mwa Agosti 2020 nchi hiyo iliamua kuwapima bure wananchi waliokuwa wakirejea kutoka likizo za majira ya joto. Katika jimbo la Bavaria vituo viliwekwa kando ya barabara kuu na katika viwanja vya ndege, na watu wakajitokeza kwa wingi. Katikati ya mwezi huohuo serikali ya jimbo ilikiri kwamba watu wapatao 44,000 walikuwa bado hawajapewa majibu yao, na miongoni mwao takribani 900 walikuwa na virusi bila kujua. Sampuli zilipimwa, lakini taarifa za wenye nazo zilikuwa zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi, na kuwatafuta kukawa kazi kubwa kuliko upimaji wenyewe.

Soko la vyeti vya kughushi

Kuna kisa kingine, cha Ufaransa, kinachoonesha kwamba bei haikuwa jambo pekee lililowatawala wasafiri.

Kuanzia Julai 2020 kipimo cha PCR kilitolewa bure nchini humo, hata kwa asiyekuwa na maandishi ya daktari. Hata hivyo, Novemba mwaka huohuo ilitangazwa kwamba watu saba walikuwa wamekamatwa kwa kuuza vyeti vya kughushi katika uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle jijini Paris. Bei ya cheti kimoja ilikuwa kati ya euro 150 na 300. Ina maana kwamba abiria alikuwa tayari kutoa fedha nyingi kwa karatasi ya uongo, ilhali ya kweli ilitolewa bila malipo katika mji huohuo.

Wateja hao walinunua uhakika wa kusafiri. Kipimo halali, kiwe cha bure au cha kulipia, kingeweza kuonesha kwamba mtu ana virusi, na kingeweza kuchelewa. Cheti cha kughushi hakikuwa na hatari hizo mbili, isipokuwa ile ya kukamatwa na ile, kubwa zaidi, ya kumpakia mgonjwa ndani ya ndege pamoja na watu mia mbili. Februari 2021 polisi wa Umoja wa Ulaya, Europol, walitoa tahadhari kwamba biashara hiyo ilikuwa imesambaa katika nchi kadhaa.

Uovu huo ndio uliofanya nchi nyingi kuacha kuamini karatasi yoyote isiyotoka katika maabara zilizoidhinishwa. Umoja wa Afrika na kituo chake cha kudhibiti magonjwa, Africa CDC, walianzisha mfumo wa Trusted Travel, ambao Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoutumia. Maabara iliyo katika orodha iliingiza majibu katika mfumo, msafiri akapewa namba, na ofisa wa uwanja wa ndege akaihakiki kwa kompyuta. Maabara isiyo katika orodha, hata kama ilipima kwa uaminifu mkubwa, karatasi yake haikuwa na kazi pale uwanjani.

Falme za Kiarabu zilikwenda mbali zaidi. Abiria kutoka nchi kadhaa za Afrika walitakiwa wawe na cheti cha PCR cha saa 48, na juu yake wapimwe tena PCR ya haraka uwanjani, ndani ya saa 6 kabla ya ndege kuruka. Kwa kijana wa kazi za ndani aliyekopa nauli kwenda Dubai, hapo hapakuwa na uchaguzi kati ya bure na kulipia. Ilibidi alipe mara mbili. Desemba 2021 Dubai ilisitisha kupokea abiria wa ndege kutoka Kenya, huku vyombo vya habari vikihusisha hatua hiyo na vyeti visivyoaminika, na Januari 2022 Kenya nayo ikajibu kwa kuzuia kwa muda ndege za abiria kutoka huko.

England ilivyozuia kipimo cha bure

Mahali ambapo mgongano kati ya kipimo cha bure na cha kulipia ulionekana waziwazi ni England.

Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS, ilikuwa na moja ya mipango mikubwa ya upimaji wa bure duniani. Kuanzia Aprili 9, 2021 hadi Aprili 1, 2022 kila mkazi wa England aliweza kupata vipimo vya haraka vya kujipima nyumbani bila kutoa senti, hata kama hakuwa na dalili yoyote. Maboksi yake yalikuwa yakigawiwa katika maduka ya dawa na kutumwa kwa posta.

Pamoja na hayo, serikali ilikataza vipimo hivyo visitumike kwa safari. Mtu aliyekuwa na boksi la vipimo kabatini kwake alitakiwa kununua kingine kutoka kampuni binafsi ili asafiri, na alipofika England alitakiwa kuwa amenunua vingine tena. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba safari ni hiari ya mtu, na si haki kodi ya asiyesafiri kugharimia likizo ya anayesafiri. Hoja hiyo ina mantiki kwa mtalii. Ina mantiki ndogo zaidi kwa mtu aliyekuwa akirudi kutoka Mombasa au Moshi kumzika mzazi.

Kuanzia Februari 15, 2021 kila aliyeingia England alilazimika kununua kabla ya safari vipimo viwili vya PCR, kimoja cha siku ya 2 na kingine cha siku ya 8 baada ya kuwasili. Bei ya mwanzo ya viwili hivyo ilikuwa pauni 210. Agosti 2021 bei ya vipimo vya serikali ilishushwa hadi pauni 136 kwa viwili na pauni 68 kwa kimoja.

Waliotoka Afrika Mashariki walikuwa na mzigo zaidi. Tanzania iliingizwa katika orodha ya nchi zilizowekewa marufuku ya safari Januari 2021, na Kenya ikafuata Aprili 9 mwaka huo. Raia na wakazi wa Uingereza waliotoka katika nchi za orodha hiyo, iliyokuja kujulikana kuwa orodha nyekundu, walipelekwa hotelini kwa karantini ya gharama ya pauni 1,750 kwa mtu mzima, ambayo Agosti 2021 ilipanda kufikia pauni 2,285. Vipimo vilikuwa ndani ya bei hiyo. Kenya iliondolewa katika orodha Septemba 2021, Tanzania Oktoba.

Soko la vipimo lilipofunguliwa kwa kampuni binafsi, tovuti ya serikali iliorodhesha mamia ya wauzaji, na hapo ndipo wanunuzi walipopata taabu mpya. Wauzaji walitangaza bei ndogo ili wakae juu ya orodha, lakini mteja alipobofya alikuta bei hiyo ni ya wachache, au ni ya kuchukulia kipimo katika ofisi iliyo mbali, au haipo kabisa. Agosti 2021 serikali ilitoa onyo kwa kampuni 82 kwa kutangaza bei zisizo za kweli. Kampuni nyingine 57 zilitakiwa kuondolewa katika orodha kwa kuwa hazikuwapo tena au hazikuwa zikitoa huduma hiyo.

Kwa maneno mengine, kulipa hakukuwa kinga ya uzembe. Kampuni nyingine zilichelewesha vipimo kwenye posta hadi siku ya 2 ikapita, na mteja aliyelipa akawa hana tofauti na yule wa kituo cha bure aliyesubiri majibu, isipokuwa kwamba huyu wa kwanza fedha zake zilikuwa zimekwenda.

Oktoba 24, 2021 England iliruhusu wasafiri waliokamilisha chanjo kutumia kipimo cha haraka baada ya kuwasili badala ya PCR. Hapo wengi walitegemea kwamba sasa boksi la bure lingekubalika. Halikukubalika. Kipimo kilitakiwa kinunuliwe, kiwe na namba ya oda, na namba hiyo iandikwe katika fomu ya msafiri kabla ya kupanda ndege. Kilichotazamwa kilikuwa ile namba.

Marekani ilikuwa na hali inayofanana na hiyo kwa njia nyingine. Januari 2022 serikali ya nchi hiyo ilianza kutuma vipimo vinne vya bure kwa kila kaya iliyoomba. Wakati huohuo, aliyekuwa akiingia Marekani kwa ndege alitakiwa awe amepima ndani ya siku moja kabla ya safari. Kipimo cha kujipima nyumbani kilikubalika pale tu mtu aliposimamiwa kwa njia ya video na mtoa huduma aliyeidhinishwa, ambaye alimwona akijipima na kisha akatoa cheti. Kipimo cha bure kilichofanywa peke yako sebuleni, hata kikiwa cha aina ileile, hakikuwa na shahidi.

Pale bure ilipotosha

Isidhaniwe kwamba kipimo cha bure hakikufaa kwa safari popote. Hadi Julai 7, 2021 mtalii aliyekuwa Ufaransa alipimwa bila malipo, na cheti alichopewa kilikuwa na kila kilichotakiwa. Baada ya tarehe hiyo alianza kutozwa euro 49 kwa PCR na euro 29 kwa kipimo cha haraka. Katika miji ya Marekani, maduka makubwa ya dawa yalipima watu wasitoe chochote mfukoni, huku bima au serikali ikilipa, na wasafiri wengi waliyatumia majibu hayo bila shida, mradi yalitoka mapema.

Aliyetaka kujua kama kipimo cha bure kingemfaa alipaswa kusoma masharti ya nchi anayokwenda na ya nchi atakayobadilishia ndege, kisha akayalinganisha na mfano wa cheti cha kituo chenyewe. Je, kinataja aina ya kipimo? Kinataja saa ya sampuli? Jina limeandikwa kama lilivyo katika pasipoti, majina yote matatu yakiwamo? England, kwa mfano, ilitaka cheti cha kabla ya safari kiwe katika Kiingereza, Kifaransa au Kihispania, na tafsiri haikupokelewa. Abiria mwenye karatasi halali ya lugha nyingine alikuwa sawa na asiye na karatasi.

Wapo waliotumia vyote viwili kwa busara. Walipima bure siku nne au tano kabla ya safari, si kwa ajili ya cheti bali kujua hali zao mapema. Aliyekutwa na virusi alipata nafasi ya kuahirisha tiketi kabla hajapoteza fedha za maabara, na kabla hajawaambukiza wenzake. Aliyekutwa hana ndipo alipolipia kipimo cha pili chenye muda na muhuri.

Njia hiyo haikuwasaidia waliokuwa wamepona. PCR inaweza kuendelea kuonesha mabaki ya virusi kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona na kuacha kuambukiza. Mtu wa aina hiyo angeweza kulipa mara tatu na kupata jibu lilelile. Kwake karatasi iliyohitajika ilikuwa ile ya kupona. Marekani, kwa mfano, ilikubali uthibitisho wa kuugua ndani ya siku 90 zilizopita pamoja na barua ya daktari, na hapo majibu ya kipimo cha bure cha siku alizoumwa yakawa mali, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa ushahidi.

Dola 30 mpakani Malaba

Katika Afrika Mashariki kipimo cha safari kwa kiasi kikubwa kilikuwa cha kulipia tangu mwanzo. Nchini Tanzania abiria aliweka miadi kupitia tovuti ya Wizara ya Afya, akapewa namba ya malipo, akalipa benki au kwa simu, ndipo akaenda kutoa sampuli. Ada ilikuwa dola 100 za Marekani, na mwaka 2021 ikapunguzwa kuwa dola 50. Kipimo cha haraka kwa wanaowasili, kilichokuwa dola 25, kikawa dola 10. Uganda ilipopanga kumpima kila anayetua Entebbe ilitangaza kwanza dola 65, ikapingwa, ikashusha hadi dola 30, na utaratibu huo ukaanza Oktoba 27, 2021.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou, dola 50 ni sehemu ndogo ya gharama za safari, huenda hata ikaingizwa katika bei ya mzigo. Kwa dereva wa lori hali ni nyingine.

Madereva wa malori walikuwa watu wa kwanza kupimwa kwa wingi katika ukanda huu, tangu Aprili na Mei 2020, pale foleni zilipojaa Namanga, Malaba na Busia. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana baadaye kutumia cheti cha kielektroniki ili dereva aliyepimwa nchi moja asipimwe upya nchi nyingine. Dereva hukatiza mpaka mara kadhaa kwa mwezi, na kila cheti kilikuwa na mwisho wake.

Mwishoni mwa Desemba 2021 na kuingia Januari 2022, Uganda ilitaka kila dereva apimwe mpakani kwa dola 30, hata aliyekuwa na cheti kutoka Kenya. Madereva waligoma. Malori yakapanga mstari wa makumi ya kilomita upande wa Kenya, na mafuta yakaadimika Uganda hadi lita moja ya petroli ikauzwa shilingi 10,000 za nchi hiyo katika baadhi ya maeneo. Katikati ya Januari Uganda iliachana na utaratibu wa kuwatoza madereva hao. Gharama ya kipimo kimoja, ambayo serikali haikutaka kuibeba, ilikuwa imekwisha kulipwa na kila aliyenunua mafuta Kampala, Mbale au Gulu.

Kanuni zilisema nini

Jambo ambalo halikuzungumzwa sana wakati huo ni kwamba suala la nani alipe lilikuwa limeandikwa katika sheria miaka mingi kabla ya korona. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ziliridhia, zina kifungu cha 40 kinachohusu malipo. Kifungu hicho kinasema kwamba nchi haitamtoza msafiri kwa uchunguzi wa kitabibu ambao nchi hiyo inauhitaji ili kujua hali ya afya yake, wala kwa kumtenga au kumweka karantini. Waombaji wa ukaazi ndio walioachwa nje ya kinga hiyo. Kifungu hichohicho, hata hivyo, kinaruhusu malipo kwa huduma ambazo kimsingi ni kwa manufaa ya msafiri mwenyewe.

Serikali nyingi zilijikinga nyuma ya sentensi hiyo ya mwisho, zikichukulia cheti cha kabla ya safari kuwa manufaa ya msafiri. Mashirika ya ndege hayakukubaliana nazo. Mei 2021 chama chao cha kimataifa, IATA, kilitoa matokeo ya uchunguzi wa bei katika nchi 16 na kueleza kwamba ni Ufaransa pekee iliyokuwa ikibeba gharama kwa abiria. Katika nchi nyingine wastani wa bei ya chini ya PCR ulikuwa dola 90 na wa juu dola 208. Mashirika yalikuwa na maslahi yao, bila shaka, kwa kuwa tiketi zao hazikuuzika, lakini takwimu hizo hazikuwa mbali na zile ambazo abiria walizijua kutokana na risiti zao.

Bunge la Ulaya lilijaribu kuingiza kipimo cha bure katika sheria ya cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya, kilichoanza kutumika Julai 1, 2021. Nchi wanachama zilikataa. Mwafaka uliopatikana ni kwamba vipimo viwe vya bei nafuu na vipatikane kwa urahisi, na euro milioni 100 zikatengwa kuvinunua.

Masharti yalianza kulegezwa mwaka 2022. Machi 11 Kenya iliwaondolea sharti la PCR wanaoingia wakiwa wamekamilisha chanjo, na Machi 17 Tanzania ikafanya vivyo hivyo. England ilifuta masharti yote ya safari Machi 18, na Marekani ikaacha kudai kipimo kwa abiria wa ndege Juni 12. Kwa mtu asiyechanja aliyetaka kuingia Tanzania, cheti cha kulipia kiliendelea kudaiwa kwa muda, wakati chanjo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimwondolea mtu malipo hayo, ilikuwa ikitolewa nchini humo bure tangu Julai 2021.